Ghala, sanduku, muhogo au mwamba: shehia ianze na kipi baada ya mwaka wa njaa?

Ukiitisha mkutano wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala hapa Zanzibar, huku Pemba na kuwauliza watu wanataka nini ili mwaka mbaya usiwakute tena mikono mitupu, neno la kwanza litakuwa ghala. Atalisema mzee aliyekaa safu ya mbele, na mkutano mzima utaitikia. Nimekaa katika mikutano hiyo, na mara moja nilikuwa miongoni mwa walioitikia kwa sauti kubwa. Tulijenga, tukajaza, na baada ya misimu mitatu likabaki banda la popo. Tangu hapo nimo katika kikundi cha hisa, yaani watu wanaoweka akiba kila wiki katika sanduku moja, wakakopeshana, kisha wakagawana mwisho wa mwaka wao, nimelima shamba la mbegu ya muhogo na wenzangu, na nimekwenda kwa shemegi zangu wa upande wa pwani kuwaona wakifunga mwamba wao wa pweza.

Vitu hivyo vinne ndivyo ninavyovilinganisha hapa, kwa ajili ya kamati yenye fedha kidogo, nguvu za watu, na ubishi wa kipi kitangulie. Niseme mapema nilikoegemea: kwa shehia nyingi, ghala ni la mwisho. Lakini jibu linategemea njaa iliyowapiga, kwa sababu njaa si moja.

Njaa ya meli, njaa ya mfuko, njaa ya konde

Wazee wetu wana njaa yao wanayopimia nyengine zote, ile iliyofika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ilipobana vyakula kutoka nje ili visiwa vijitegemee. Mtu aliweza kuwa na pesa mkononi akakosa cha kununua. Chakula kilikuwa cha foleni, na waliokuwa watoto wakati huo mpaka leo wakiona shelisheli mtini hawalioni kama tunda la kukaangia tu. Hiyo ni njaa ya meli: chakula chenyewe hakifiki.

Njaa tuliyoionja sisi ni ya mfuko. Mwaka 2008 bei ya mchele ilipanda dunia nzima. Julai 2023 India ikazuia kusafirisha nje mchele wake mweupe wa kawaida, na bei ikapanda tena. Sehemu kubwa ya mchele tunaokula Zanzibar huja kwa meli, kwa hiyo uamuzi wa Delhi unafika mpaka kwenye sufuria ya Micheweni. Lakini maduka ya Chake na Wete yalikuwa na mapolo ya mchele mpaka mlangoni. Uliopungua ni uwezo wa kununua.

Ya tatu ni ya konde. Mvua ya masika imechelewa, maji ya chumvi yameingia katika bonde la mpunga, muhogo umeng'olewa na kukutwa umeoza ndani. Hapa hata bei ikitulia, nyumba iliyotegemea jembe imeshaanguka, na itachukua miaka kuinuka.

Kamati ikikaa, swali hili lije kabla ya lolote: mwaka ule mbaya, watu walilala na njaa kwa sababu duka lilikuwa tupu, mfuko ulikuwa mtupu, au konde lilikuwa tupu? Sisi hatukuliuliza. Tuliijengea ghala njaa ya mfuko.

Ghala na sanduku, ubavu kwa ubavu

Mawazo haya mawili yana asili ya karibu sana. Vijiji vya Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, vilianza kujenga maghala ya nafaka ya pamoja miaka ya 1970, baada ya ukame mkubwa wa huko. Na sanduku la hisa tunalolijua sisi, lile la kufuli tatu, lilianzia Niger mwaka 1991, katika mkoa wa Maradi, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa limeshafika Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Mradi ulipomalizika vikundi havikufa. Viliendelea kuzaana, kikundi kikifundisha kikundi. Maghala ya Sahel, kwa upande mwengine, mengi yalidorora wafadhili walipoondoka. Hilo peke yake lilitosha kutufikirisha.

Kwa nini tofauti hiyo? Tuanze na hesabu. Tuseme shehia ina kaya 60, na kila kaya imetoa kilo 25 za mchele. Mmejaza ghala: kilo 1,500, macho yanashiba kwa kutazama. Lakini kaya ya watu sita au saba inakula kama kilo 2 kwa siku, kwa hiyo kaya 60 zinamaliza kilo 120. Ghala lile zima, pamoja na jasho lote la kulijenga, halifiki wiki mbili.

Sasa chukua watu 25 wa sanduku. Hisa ni sh. 2,000, na kila mmoja ananunua hisa moja tu kwa wiki, ingawa kanuni ya kawaida inaruhusu mpaka tano. Wiki 50 zinaleta sh. 2,500,000, na pesa hiyo haikukaa. Ilizunguka kwa mikopo mwaka mzima, ikanunua mtaji wa vitumbua, nauli ya hospitali, madaftari ya skuli. Pembeni kuna mfuko wa jamii, tuseme sh. 500 kwa kila mtu kwa wiki, ambao kwa mwaka unafika sh. 625,000. Huo ndio wa msiba na maradhi, na ndio ninaoupenda kuliko yote, maana mtu anaupata bila kudhalilika.

Kuna jambo jengine la ghala ambalo linatuhusu sisi wa visiwani hasa. Sahel mtama unavunwa hapo hapo. Wakati wa mavuno bei inaanguka, miezi ya kabla ya mavuno inapanda, na ghala linanunua chini ili lisaidie juu. Faida inatoka katika tofauti hiyo. Kwetu mpunga wa bonde ni chakula cha miezi michache kwa wenyewe waliolima. Wachache wana ziada ya kuuza. Ghala la Pemba hujikuta linajazwa kwa mchele wa dukani, na bei ya mchele wa dukani inafuata meli na dola, haifuati mavuno yetu. Unaweza kununua Agosti na kuukuta Machi bei ile ile, isipokuwa sasa una fukusi ndani yake.

Na fukusi si utani. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wanazungumzia mpunga usiokauka vizuri katika hewa ya Pemba. Mpunga ukiwekwa na unyevu zaidi ya asilimia 14, kuvu watakuja, na baadhi ya kuvu huacha sumu isiyotoka kwa kuosha wala kupika. Wenye ghala lazima wahifadhi mpunga na maganda yake, juu ya vichanja, mbali na ukuta, na wauanike tena kila jua likipatikana. Nani atafanya kazi hiyo bila ya kulipwa, mwaka wa pili, mwaka wa tatu? Kwetu aliifanya mzee mmoja kwa moyo wake mpaka alipougua.

Lililotuua zaidi ni mkopo. Mwaka wa kwanza tuliwakopesha watu mpunga wakarudisha. Mwaka wa pili mvua ilikuwa haba, nusu hawakuwa na cha kurudisha, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kumfikisha jirani yake kwa sheha, kiongozi wa shehia, kwa ajili ya pishi tatu. Tena tuliwataka warudishe na nyongeza kidogo "ya ghala". Sheikh wetu akatuuliza: mpunga pishi 10 kwa mpunga pishi 11, mnaiitaje? Tulinyamaza. Ilikuwa riba, na sisi tuliiita nyongeza.

Sanduku nalo lina mtihani huo huo, na vikundi vingi vinaukwepa badala ya kuumaliza. Kaeni na mjuzi wa dini kabla ya siku ya kwanza, si baada ya ugomvi. Njia zipo: karadha isiyo na ziada yoyote, au kikundi kinunue bidhaa yenyewe, iwe mashine ya cherehani au polo la unga, kisha kimuuzie mwanachama kwa faida inayojulikana, alipe kidogo kidogo. Wapo watakaojiunga siku watakaposikia hivyo, na kabla ya hapo walikuwa wanakaa mbali kimya kimya.

Kasoro ya sanduku siifichi. Asiye na sh. 2,000 kwa wiki hakai katika duara lile. Mjane wa kuokota kuni anaona haya kununua hisa moja wakati wenzake wanagonga mihuri mitano kitabuni. Sanduku linawainua walio karibu na mlango. Walio uani halifiki. Baadhi ya vikundi hushusha hisa mpaka sh. 500, na hilo linasaidia, lakini kamati isijidanganye kuwa limemaliza tatizo.

Kasoro ya pili ni siku ya mgao. Wengi wanaipenda iwe kabla ya Sikukuu, na pesa inageuka nguo ndani ya siku tatu. Kikundi chetu kilihamisha mgao hadi mwanzoni mwa Machi, masika inapokaribia, wakati mtu anahitaji mbegu na vibarua vya kulimia, na akijua kwamba miezi ya mbele bahari itachafuka. Tulibishana sana, wawili wakatoka. Waliobaki mwaka ule hawakwenda kuandikwa katika daftari la duka mwezi wa Mei. Na ukiwa mwaka wa karafuu nyingi, ongezeni hisa wakati wa uchumaji. Pesa ya karafuu haikai mfukoni.

Je, ghala halifai kabisa? Linafaa pale ambapo wiki mbili ndizo zinazohitajika. Mtu wa Fundo, Kokota au Kisiwa Panza, upepo ukivuma siku kumi vyombo havivuki, anahitaji chakula kikae upande wake wa maji. Huko ghala dogo ni akili. Lakini liendeshwe kama duka la pamoja: mnauza kwa pesa taslimu, kwa bei iliyozidi kidogo ya kununulia, mnarudi mjini kujaza. Msikopeshe. Na funguo ziwe tatu, kwa watu watatu wa nyumba tatu, kama za sanduku.

Muhogo, ghala lililo ardhini

Nilipokuwa kijana nilidharau muhogo. Kwetu mtu hajala mpaka ale wali, na nyumba iliyopika muhogo mchana na usiku ilisemwa. Nadhani dharau hiyo imetugharimu zaidi ya panya wote wa maghala.

Muhogo haukatai udongo mwepesi. Unangoja. Ukishakomaa, miezi minane au kumi hivi baada ya kuupanda, unang'oa wa leo na kuuacha wa kesho pale pale ardhini, bila fukusi, bila mlinzi, bila kikao cha kamati. Ukizidi, unamenya unaanika makopa. Na una sifa ambayo hakuna kimoja katika hivi vyengine kinayo: unajizidisha. Eka moja yenye mashina 4,000, kila shina likitoa vijiti 5 tu vya kupanda, inapanda eka 5 msimu unaofuata. Kilo 1,500 za mchele hazizai kilo hata moja.

Tatizo ni maradhi. Batobato unaiona kwenye jani. Michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi kwa sababu shina linaweza kusimama vizuri, majani yanapendeza, na mzizi umeoza kama mbao ya mvua. Ndio ile njaa ya konde: mtu alikuwa na ghala lake ardhini na siku ya kulifungua hakukuta kitu. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani, Unguja, walitoa mbegu nne zenye kustahamili maradhi hayo mwaka 2007: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Kustahamili si kinga kamili, na mbegu ikipita mikono mingi bila kuchaguliwa inachoka. Kwa hiyo kazi ya jamii si kupanda muhogo tu, ni kuweka shamba la mbegu: konde moja, mbali na muhogo wa zamani, linalokaguliwa kila wiki, shina lenye dalili linang'olewa na kuchomwa bila kuoneana haya. Tuliyajifunza haya katika skuli za wakulima, zile za kukaa chini ya mwembe na bwana shamba mara moja kwa wiki, na ninazihesabu kuwa elimu bora niliyoipata ukubwani.

Mkilinganisha na sanduku: sanduku linataka pesa kila wiki, muhogo unataka mgongo. Mjane asiyeweza hisa anaweza kupewa vijiti 40. Wengi wasio na ardhi huazima shamba chini ya minazi au mikarafuu ya mtu, na mwenye shamba kwa kawaida hana neno na muhogo kwa sababu hauachi dai. Mwambie unapanda mwembe, utaona uso unabadilika. Ndio maana miradi ya miti ya matunda, ambayo kwa muda mrefu ina faida kubwa, haiwafai wasio na shamba mpaka kwanza kuwe na maelewano ya maandishi na mwenye nalo. Hata huko Maradi ilikuwa hivyo. Wakulima walianza miaka ya 1980 kuacha visiki vichipue mashambani, wakichagua machipukizi na kupogoa badala ya kufyeka. Sasa miti imerudi katika hekta kama milioni 5 kusini mwa Niger, lakini mambo yalikwenda kasi pale mkulima alipoanza kuamini kuwa mti ulio shambani kwake ni wake.

Ubaya wa muhogo? Tumbili. Na karibu mwaka mzima wa kungoja, kwa watu wenye njaa leo. Na muhogo peke yake ni chakula cha kushibisha. Mtoto anahitaji kunde, dagaa na mboga pamoja nao.

Mwamba

Hapa nitasema kidogo, kwa sababu si bahari yangu. Vijiji vya kusini-magharibi mwa Madagascar vilijaribu mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba wasiguse pweza kwa miezi michache. Pweza hukua kwa kasi, na waliofunga walipofungua walikuta pweza wakubwa. Wazo likavuka mpaka kwetu, na Kisiwa Panza ni miongoni mwa walioanza.

Kati ya vyote vinne, hili ndilo linalolipa mapema: miezi mitatu, siku ya kufungua, pesa mkononi. Pia ndilo linalotaka umoja mkubwa zaidi. Ghala likiibiwa, mwizi anajulikana. Mwamba huibiwa usiku na watu wa dago, wavuvi wageni wanaopiga kambi, ambao hawakuwepo kwenye mkutano. Pasipo doria na kamati ya wavuvi yenye meno, mnawafungia wenzenu ili wageni wafaidi.

Na waangalieni kina mama wa bamvua. Anayechokoa pweza kwa miguu maji yakitoka ndiye anayeacha mboga ya kila siku mwamba unapofungwa. Siku ya kufungua, vijana wenye miwani ya kuzamia wanafika kwanza na kwenye kina. Mliofunga mwamba bila kupanga siku ya kwanza iwe ya wanaotembea kwa miguu, mmechukua kwa maskini mkampa mwenye chombo. Shemegi zangu waliliona hilo mwaka wa kwanza na wakalirekebisha wa pili, kwa sababu kina mama walisusia doria.

Kama ningekuwa katika kamati yenu

Kwa njaa ya konde, ningeanza na shamba la mbegu msimu huu huu, hata kabla ya kupata shilingi ya mfadhili. Njaa ya mfuko ningeijibu kwa sanduku, muhogo ukija nyuma yake kwa wale ambao sanduku haliwafikii. Hivi viwili vinashikana: mgao wa Machi unalipa vibarua wa konde, na muhogo wa konde unaokoa hisa zisiliwe. Mwamba ningeutanguliza pale tu ambapo kijiji tayari kinasikilizana na kina mwamba wa kulindika. Ghala ningeliacha kwa visiwa vidogo, na kwa siku ile ambayo shehia itakuwa inavuna ziada yake yenyewe.

Fedha za nje zikija, zisiingie ndani ya sanduku. Pesa ya mgeni inakopwa na hairudi, na watu wanaona sawa, kwani si yao. Inunueni kufuli, vitabu, majembe, turubai la kuanikia, mafuta ya boti ya doria. Sheria ya Usalama wa Chakula na Lishe ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua kazi hii mpaka ngazi ya shehia, kwa hiyo sheha anayo sababu ya kuwasikiliza. Mpelekeeni mpango ulioandikwa, wenye majina ya walioachwa nje.

Majina hayo ndiyo tuliyoanza nayo sisi mara ya pili. Mvua ya kwanza ya masika iliponyesha, tulikata vijiti vya shamba la mbegu asubuhi, tukavifunga mafungu ya 40. Mafungu saba ya mwanzo yalikwenda katika nyumba saba ambazo hazikuwa na mtu katika kamati wala kwenye sanduku. Wajumbe tulipanda wiki iliyofuata, kwa vilivyobaki.